Mlinzi wa Nyumba

Barua za fundi wa milango zilikuwa zinaingia vizuri tu. Bei za vyuma ziliingia, matangazo ya dawa ya kukuza nywele yaliingia, hata salamu za mjane mmoja wa jenerali aliyetafuta mtu mwaminifu wa kugawana naye mali ziliingia. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Fundi akibofya "tuma", kompyuta ilivuta pumzi, ikafikiri kama mwanamke aliyeulizwa umri wake, kisha ikatema kiboksi cha maneno ya Kiingereza. Barua ikabaki palepale ilipolala.

"Inapokea, haitoi?" aliuliza mama yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akichambua mboga. "Basi hiyo si mbovu. Imewarithi shangazi zako."

Siku nyingine fundi angecheka. Leo ilikuwa siku ya tenda. Shule mpya ilitaka milango, madirisha na mageti, na ofisi ilikuwa imeandika wazi: bei zitumwe kwa barua pepe, kutoka anwani ile ile iliyosajiliwa, kabla ya kufunga ofisi saa kumi. Karakana ilikuwa imepoa muda mrefu. Jana alikuja mtu kuitazama mashine ya kuchomelea, akaizunguka, akaipiga teke la ubavuni kama anayenunua mbuzi, akasema atarudi. Tenda ikimponyoka, yule mtu atarudi kweli, na mashine itaondoka naye.

Fundi alishafanya kila alilolijua. Alinunua bando jipya. Aliizima kompyuta akaiwasha, akaizima tena akaiacha ipumzike. Aliisogeza dirishani ipate mtandao, kama mgonjwa anayetolewa juani. Alipunguza picha za mageti mpaka yakabaki madogo kama vitasa.

"Ipige kofi," alishauri mama. "Redio ya marehemu baba yako ilikuwa haisemi mpaka ipate moja la shavuni."

"Mama, hii si redio."

"Hata baba yako alikuwa si redio."

Mke wa fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kitambaa cha vumbi mkononi. Alisema kwa upole, "Labda imechoka tu, Baba Watoto."

"Kompyuta haichoki. Namwita Dada Chapa."

Upole ukaisha palepale.

Dada Chapa alikuwa mpiga chapa wa duka la steshenari pale kwenye kona. Ndiye aliyemwandikia fundi barua zake, ndiye aliyemfungia programu ile ya kutumia nyumbani. Mke wa fundi alikuwa na mambo yake aliyoyaona, na hayakuwa machache. Mumewe akienda kwa Dada Chapa alinawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni. Akija kula nyumbani alilowesha ncha za vidole. Akimpigia Dada Chapa simu alisema "tafadhali". Nyumbani humo neno hilo lilikuwa halijawahi kuvuka kizingiti. Mke alikuwa akiitwa kwa "we" na "lete".

"Mtaa mzima huu hakuna mwanamume anayejua kompyuta?"

"Wapo. Hawaijui yangu."

"Yako ina nini?"

"Paswedi aliijaza yeye. Yeye kaisahau, mimi nimeisahau, inaikumbuka mashine peke yake."

"Kumbe mna siri ya watu watatu," alisema mke. "Hongereni."

"Mwache aitwe, mwanangu," alisema mama mkwe bila kuinua macho. "Nyoka akishaingia ndani hatuulizi mwenye fimbo ni mzuri au ana sura ya chura."

"Huyu ni mzuri, mama. Hapo ndipo penye nyoka wa pili."

*

Dada Chapa alisikika kabla ya kuonekana. Viatu vyake vya visigino vilipiga njia nzima ko, ko, ko, mpaka majirani wakatoka kutazama. Lakini mke wa fundi alikuwa amejiandaa. Alikuwa amepiga deki sebule yote dakika ile ile, maji yakang'aa mpaka kizingitini, ili mgeni avue. Alitaka kumwona bila ule urefu.

Dada Chapa akavua, akavipanga viatu vyake kando ya kandambili za mke wa fundi. Bila viatu alikuwa mfupi, tena mfupi wa kutosha. Mke wa fundi akapata faraja. Haikudumu, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Mgeni akakikalia, na fundi akavuta debe la rangi akaketi ubavuni mwake, bega kwa bega, akitazama kioo anachotazama yeye na kunusa marashi aliyojipaka yeye.

"Habari za hapa, wifi?"

"Salama," alijibu mke wa fundi. Wifi! Alilitafuna neno hilo kama mchanga kwenye wali. Akaleta maji kwenye kikombe cha bati kilichomeguka mdomo.

"Mama Watoto," alisema mumewe, sauti ya mtu mwenye wageni, "kwani zile bilauri zimekwenda wapi?"

Ilibidi azifuate. Alizitoa kabatini zile bilauri za harusi, ambazo yeye mwenyewe hakuwa amenywea tangu harusi, akamimina maji, akampelekea mwanamke yule kwa mikono miwili. Kisha akaanza kufuta vumbi kwenye rafu iliyo nyuma yao. Aliimaliza, akairudia. Alipoanza mara nyingine, Dada Chapa akasema bila kugeuka:

"Wifi, rafu hiyo itatoboka."

Mama mkwe akakohoa kwenye mboga zake. Kilikuwa ni kicheko, lakini alikivisha kikohozi.

"Haya, tuma nione," alisema Dada Chapa. Fundi akabofya. Mashine ikavuta pumzi, ikatema kiboksi. "Kiboksi hiki umewahi kukisoma?"

"Kinasema imeshindikana."

"Hicho ni kichwa cha habari. Habari yenyewe iko huku chini." Akasogeza uso karibu na kioo, fundi naye akasogeza, kitambaa cha vumbi nacho kikasogea. "Kinasema kati ya wanaoandikiwa, mmoja sanduku lake limejaa, halipokei. Na kwa kuwa mmoja kakataliwa, barua nzima inarudishwa."

"Ofisi ya tenda sanduku lao limejaa?"

"Si wao. Ni huyu mwingine."

"Mwingine nani? Nimewaandikia wao tu."

"Huyu hapa. Anajiita mlinziwanyumba." Dada Chapa akakunja uso. "Kaka, hii si leo tu. Kuna mtu ameitega mashine yako. Kila barua unayotuma, nakala inakwenda kwa huyu mlinzi, kimyakimya. Wewe humwoni kwenye barua. Yeye anaziona zote."

"Mimi sina mlinzi! Nyumba yenyewe hii, mlinzi alinde nini?"

Mlinzi wa nyumba alikuwa amesimama nyuma yao, hatua mbili tu, ameshika kitambaa cha vumbi.

Alikuwa ameitega mwaka uliopita, fundi akiwa bafuni. Video moja kwenye simu ilikuwa imemfundisha, kijana mmoja mwenye sauti laini akieleza pole pole bofya hapa, sasa bofya hapa. Tangu siku hiyo kila neno lililotoka kwenye mashine ya mumewe lilianguka kwenye simu yake, na hakufuta hata moja, maana ushahidi haufutwi. Wiki hii simu ilikuwa ikimwambia kila saa kwamba nafasi imejaa. Alidhani inataka kumuuzia kitu. Simu za siku hizi zikilia zinauza.

Fundi alikuwa ametulia kwa namna mbaya. "Fundi Geti," alisema.

"Nani?"

"Yule wa mtaa wa chini. Tenda iliyopita alinishinda kwa bei ya bawaba mbili. Bawaba mbili! Nikajiuliza, mtu huyu kaijuaje bei yangu?" Akageuka pole pole juu ya debe lake. "Programu hii nani aliifunga?"

"Mimi," alisema Dada Chapa.

"Nani mwingine kaigusa?"

"Mimi nitajuaje? Nyumba ni yako."

"Nyumba yangu naijua. Mama yangu anajua redio. Mke wangu anajua jiko. Anayejua kompyuta ni wewe peke yako. Alikulipa nini Fundi Geti?"

Mama mkwe akaacha kuchambua mboga. Hata maji ya deki yaliacha kukauka.

"Kaka," alisema Dada Chapa, sauti imeshuka, "niachie niiondoe hiyo nakala, barua yako iende. Halafu unitukane kwa nafasi."

"Usiguse!" Fundi aliinyakua kompyuta akaikumbatia kifuani kama mtoto aliyeokolewa motoni. "Umeshagusa vya kutosha."

Dada Chapa akasimama. Alikuwa mfupi kweli, lakini sasa haikuonekana. "Mwaka mzima nimekuandikia. Barua ya yule mteja aliyekudhulumu, unakumbuka ulivyonisomea? Mimi ndiye niliyeyatoa matusi yako nikaweka 'wako mtiifu'. Leo mimi ni mwizi?" Akamgeukia mke wa fundi. "Wifi, asante kwa maji."

Akatoka. Kwa hasira aliingiza miguu kwenye kandambili za mke wa fundi, akaenda nazo. Njia nzima haikusikika ko wala ko.

*

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu kama asali ya kuibwa. Mwaka mzima mke wa fundi alikuwa amelala na kuamka akiomba aione siku mwanamke yule akifukuzwa kwenye sebule yake, na Mungu alikuwa amemletea siku yenyewe bila hata kumtuma dukani. Hakusema neno, hakuinua kidole. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kufuta vumbi.

Kisha akamtazama mumewe. Alikuwa ameirudisha kompyuta mezani, ameketi mbele yake juu ya lile debe, kiti kitupu ubavuni. Alipeleka kipanya huku, akakirudisha. Alibofya hapa, akafunga. Akafungua pale, akaogopa. Nakala imetegwa wapi hakujua, na angejulia wapi? Mikono iliyoweza kukunja nondo ilikuwa imeshindwa na kidude cha plastiki.

"Tumekwisha, Mama Watoto," alisema.

Alilisema taratibu, bila "we". Mkewe akakimbilia jikoni, akatoa simu kifuani, akaanza kufuta. Akili ilikuwa imemjia: sanduku likipata nafasi, barua itakwenda yenyewe, na hakuna atakayejua lolote. Akafuta geti. Akafuta dirisha. Akafuta dirisha lenye maua na dirisha lisilo na maua, bei ya rangi, bei ya kufuli, geti lenye simba wawili wanaotazamana. Mwaka mzima wa ulinzi, na kila alichokilinda kilikuwa na bawaba.

Alikutana na ile ya Dada Chapa, moja tu, aliyoisoma mpaka akaijua kwa moyo: "Nakala tatu, upande mmoja, tafadhali." Wiki nzima hakulala kwa ajili ya barua ile, akijiuliza upande gani.

Akafuta. Simu ikasema bado imejaa. Kumbe vilivyofutwa vilikwenda kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe liko ndani ya sanduku lile lile.

"Unafuta nini, mwanangu?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia la mboga.

"Picha, mama."

"Za nani?"

"Za milango."

"Milango yote hiyo, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyejitokeza?" Bibi akaweka sinia chini. "Mimi nilikuona siku ile mwenzio yuko bafuni. Nikasema, mwache, atachoka. Kumbe mashine ndiyo imechoka kwanza."

Mke wa fundi alifunika mdomo kwa kitambaa cha vumbi, akapiga chafya, na machozi yakapata kisingizio.

"Mimi nilimlinda baba yake maisha yangu yote," alisema bibi. "Nilichokipata ni haya macho mabovu. Na sikiliza, mwenzio anapiga simu."

Sauti ya fundi ilikuwa inatoka sebuleni, imenyooka kama kipimo cha ukuta. "Haloo, bosi? Ni fundi hapa. Nina neno juu ya huyo binti wako wa chapa..."

Bosi wa steshenari alikuwa mtu wa kufukuza kwanza na kuuliza baadaye. Mtaa mzima ulijua. Binti wa kabla ya Dada Chapa alifukuzwa kwa kalamu moja, na kalamu ikaonekana nyuma ya sikio la bosi mwenyewe.

Mke wa fundi alifika sebuleni akateleza kwenye maji yake mwenyewe ya deki, akasimama, akaichukua simu sikioni mwa mumewe, akaikata.

"We! Una wazimu?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mlinzi wa nyumba."

Fundi alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Mzaha haukumalizika. "Wewe unajua jiko," alisema, na ilikuwa kama anamwomba akubali.

Mke akaketi kwenye kile kiti. Kilikuwa bado na joto la mgeni, akakikalia hivyo hivyo. Vidole vyake havikutafuta njia. Vilikwenda moja kwa moja, mlango wa kwanza, wa pili, chumba cha ndani kabisa, mpaka kwenye kistari kidogo alichokiandika mwenyewe: mlinziwanyumba. Akakifuta, akahifadhi, akarudi kwenye barua ya tenda, akabofya "tuma".

Mashine ikavuta pumzi. Mama mkwe naye akavuta yake. Barua ikaondoka.

Saa kumi ilikuwa haijagonga. Muda si muda likaingia jibu la ofisi, maneno mawili makavu: Imepokelewa. Asante. Fundi aliyasoma, akayasoma tena, akapangusa uso kwa kiganja, na masizi yakabaki kwenye paji.

"Mwaka mzima," alisema, "ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Tafadhali."

"Usiniombe. Nimekuuliza, ulikuwa unatafuta nini?"

"Ndiyo hiyo. Neno hilo. Kwake unalisema. Nilitaka nijue, na mengine unayomwambia ni yapi."

Fundi akatazama mikono yake. Akaitazama mpaka viwikoni. Mwishowe akapata la kushika.

"Na nani kakufundisha kutega mitego hii?"

"Kijana mmoja. Wa kwenye video."

"Kijana gani?"

Mama mkwe akaachia kicheko chote alichokuwa amekivisha kikohozi tangu adhuhuri. "Haya! Umekabidhiwa wivu, mwanangu! Ushike kwa mikono miwili, usije ukakudondoka!"

Viatu vya visigino vilikuwa bado kizingitini, vimesimama pamoja kama wageni waliosahauliwa. Wote watatu waliviona kwa pamoja.

"Nimemwita mwizi kwa kinywa changu," alisema fundi. "Niende mimi."

"Wewe utakwenda kesho. Leo ni zamu yangu."

Akaviinua viatu. Alipofika mlangoni, mumewe akakohoa.

"Mama Watoto. Mwambie..." Akameza mate kama anayemeza kidonge bila maji. "Mwambie anisamehe. Tafadhali."

Haikujulikana hiyo tafadhali ilikuwa ya nani kati yao, lakini ilisemewa ndani ya nyumba.

*

Dukani palikuwa na foleni. Dada Chapa alikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, kandambili za watu miguuni, na hakuinua kichwa. Mke wa fundi akasimama kwenye foleni na viatu vya mwenzake mkononi, kila aliyeingia akimtazama yeye, kisha viatu, kisha miguu yake mitupu. Zamu yake ilipofika, Dada Chapa akasema, "Anayefuata," akamhudumia mtu wa nyuma.

"Nakala ile," alisema mke wa fundi kwa sauti ya kusikika mpaka kwa bosi, "niliiweka mimi. Mume wangu kakutukana kwa kosa langu. Wewe hukuiba kitu."

Watu wa foleni wakapunguza kupumua ili wasipitwe. Bosi akachungulia kutoka chumba cha nyuma, kalamu nyuma ya sikio. "Mumeo alinipigia, akasema 'huyo binti wako wa chapa', simu ikakatika. Tangu saa ile namuuliza huyu kafanya nini, hataki kusema."

"Alitaka kukwambia anafanya kazi vizuri," alisema mke wa fundi. "Simu yetu ni mbovu. Inashindwa kutoa maneno mazuri."

Bosi akarudi ndani, hajaridhika lakini hana pa kushika. Foleni ikayeyuka, maana hapakuwa tena na cha kuona. Dada Chapa akavuta viatu vyake, akavua kandambili, akazisukuma kwa kidole cha mguu mpaka kwa mwenyewe.

"Barua ilikwenda?"

"Imekwenda."

"Mashine ya kuchomelea haiuzwi?"

"Tunangoja majibu. Leo haiuzwi."

"Mimi nilikuwa nakuita wifi kila siku," alisema Dada Chapa, "hukusikia? Wifi ni mke wa kaka. Ungenisikia, sanduku lako lisingejaa. Mumeo mimi hata kwa kuazimwa simtaki. Ananuka moshi wa chuma, akicheka anatisha watoto."

"Ana ubaya gani akicheka?" alifoka mke wa fundi, damu imempanda. Ghafla lilimuuma kwamba mtu amtazame mume wake na asimtake.

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hakujulikana.

Dada Chapa akanyamaza kwanza. Akatupa jicho kwenye chumba cha nyuma, akainamia kaunta, sauti ikawa ndogo kabisa. "Wa kwangu ni dereva wa malori. Kila Jumamosi anakuja hapa, anaomba mashine aandike barua zake. Akimaliza anafunga kila kitu, anageuza kioo ukutani." Akavuta kiti kimoja kwa mguu, akakisogeza upande wa mgeni. "Ile nakala yako, wifi. Unaiwekaje?"

Mke wa fundi alikitazama kile kiti. Akayafikiria mageti, madirisha, simba wawili wanaotazamana. Kisha akavaa kandambili zake, ambazo zilikuwa na joto la mtu mwingine, akaketi.

"Kwanza," alisema, "tafuta sanduku kubwa."